Alhamisi Ilikuwa ya Ndelilio

Kwa miaka thelathini na minne Eliezeri alipima kahawa ya watu kwenye ghala la chama cha msingi huko Masama, na katika miaka yote hiyo hakuna mkulima aliyemkuta amezidisha wala kupunguza hata robo kilo. Jambo hilo lilimpa heshima kubwa, na ndilo lililomharibu. Mtu akishazoea kuaminiwa kila anapofungua mdomo, siku akikosea hajui pa kuanzia.

Alikosea mara moja tu. Ilikuwa Alhamisi, mwaka wa ukame, miaka kumi na moja iliyopita. Alitoka asubuhi na jembe begani kwenda kufungua maji ya mfongo, ule mfereji wa asili unaoteremka kutoka msituni na kugawiwa nyumba kwa nyumba kwa zamu. Alipofika pale pa kukinga akakuta maji yamekwisha geuzwa, yanatiririka kwenye migomba ya mdogo wake Ndelilio. Nyumba zao zinapakana. Eliezeri akapiga kelele, watu wakatoka. Akamwita ndugu yake mwizi, tena si mara moja.

Ndelilio ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya mfongo. Alijitetea kwa upole kwamba wiki ile zamu zilisogezwa siku moja kwa sababu banio la juu, pale maji yanapokingwa mtoni, lilibomoka, na kwamba kila nyumba ilipewa karatasi. Eliezeri akasema yeye hakupewa. Kamati ikakaa. Upande mmoja yupo mpima kahawa ambaye hajawahi kukosea robo kilo, upande wa pili yupo mtu ambaye migomba yake imelowa. Hawakuchukua muda. Ndelilio alitozwa mbuzi, akavuliwa uenyekiti, mbuzi akaliwa palepale na wanakamati, na Eliezeri naye akala.

Siku ya tisa, akitafuta miwani, Eliezeri alitia mkono kwenye mfuko wa koti lake la kanisani akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa ni ile ya zamu. Akakumbuka vizuri kabisa: Ndelilio alimpa mkononi, nje ya kanisa, baada ya ibada, na yeye akaitia mfukoni huku anaongea na mtu mwingine habari za ng'ombe. Alhamisi: Ndelilio. Akaisoma mara mbili. Kisha akaitia kwenye moto wa jiko, ikaungua, akakaa kimya. Mbuzi alikuwa ameshaliwa, angerudishwaje?

Basi ndivyo walivyoishi. Wakikutana njiani, mmoja anatazama kahawa, mwingine anatazama mlima. Kanisani kila mmoja alikuwa na upande wake. Mke wa Eliezeri alifariki katikati ya miaka hiyo, na Ndelilio alikuja kuzika, akachimba kaburi tangu asubuhi, akaondoka bila kunywa hata maji. Eliezeri aliona. Alijisemea kwamba atamwambia baada ya matanga. Akajisemea tena baada ya mavuno, na baada ya Krismasi. Hakuna mtu Masama aliyepima siku nyingi kuliko yeye.

Mwaka juzi Ndelilio akaanza kukonda. Matezi yakamvimba shingoni, usiku analowa jasho hadi godoro. Hospitalini Moshi wakamwambia ni saratani ya damu, ya zile chembe nyeupe zinazolinda mwili. Akapigwa dawa za kemo, ugonjwa ukaondoka, watu wakatoa sadaka ya shukrani. Baada ya miezi saba ukarudi na hasira zote.

Aliyeleta habari kwa Eliezeri ni Loveness, binti wa Ndelilio, muuguzi, msichana wa miaka ishirini na saba asiye na maneno mengi. Wakati wa ugomvi ule alikuwa shule ya bweni, hivyo alichojua ni kwamba wazee waligombania maji.

"Shikamoo, baba mkubwa."

"Marahaba. Baba yako vipi?"

"Hali si nzuri. Madaktari wanasema pengine atahitaji kupandikizwa uboho, ule ute wa ndani ya mfupa. Mara nyingi unapatikana kwa ndugu wa damu. Na wewe ndiye ndugu yake pekee..."

"Nipo," akasema Eliezeri. "Twende."

"Bado, ni kupima kwanza."

Alipimwa, wakakuta anafanana na mdogo wake vizuri sana. Eliezeri alifurahi, na furaha hiyo ilimtia haya, kwa sababu alijua inatoka wapi. Uboho ungeongea kwa niaba yake. Angelala kitandani, wangemchoma, wangechukua wanachotaka, na Ndelilio akipona asingeweza kumuuliza habari za Alhamisi. Nani atamuuliza mtu aliyempa mfupa wake? Akaacha mbege, ile pombe ya ndizi. Akala mtori, supu nzito ya ndizi na nyama, asubuhi na jioni. Sokoni Kwa Sadala alimwambia kila aliyesalimiana naye kwamba yeye si mzee wa kubeba mizigo kwa sasa, ana kazi maalumu.

Baada ya wiki sita Loveness akarudi na habari nyingine. Ugonjwa wa baba yake ulikuwa umechachamaa mno, uboho wa mtu mwingine usingemfaa kwa wakati ule. Watampeleka India. Watoto wa ukoo waliopo Dar na Arusha wamechangishana, safari ipo. Kuna matibabu mapya huko, wanatumia chembe zake mwenyewe.

"Zake mwenyewe?" Eliezeri akauliza. "Si ndizo zinazougua?"

Loveness akafikiri kidogo. "Baba mkubwa, una mbwa?"

"Ninaye."

"Mbwa wako akimwona mtu wa humu humu ndani anaiba, anabweka?"

"Habweki. Amemzoea."

"Ndivyo ilivyo. Saratani hii ni chembe za baba zilizoharibika, na walinzi wa mwili wanaziona za nyumbani, wanalala. Sasa wale wataalamu wanamtoa damu kwenye mashine, wanachuja wale walinzi, wanawapeleka maabara, wanawabadilisha ili waijue harufu ya yule mwizi. Wanawazalisha wawe mamilioni. Halafu wanawarudisha kwa dripu, kamfuko kadogo tu. Wakishaingia, wanamtafuta mwilini mzima."

Habari ile ya mwizi wa humu humu ndani haikumpendeza Eliezeri hata kidogo.

"Kwa hiyo mimi?" akauliza mwishowe.

"Wewe utatuombea, baba mkubwa."

"Kuomba anaweza mtu yeyote," akasema Eliezeri, kwa uchungu hasa. Siku hiyohiyo akarudia mbege.

Ndelilio na Loveness walikaa India miezi miwili na nusu. Habari zilikuja kwa vipande kupitia Eliona, mke wa Ndelilio, aliyebaki na ng'ombe, na hata hivyo hazikuja kwa Eliezeri moja kwa moja bali kwa majirani. Kwamba amewekewa zile chembe. Kwamba amepata homa kali. Kwamba hamjui mtu. Wiki hiyo Eliezeri hakulala. Alikuwa anaamka, anakaa kitandani, anajiambia: Ndelilio akifa, nimebaki na Alhamisi yake. Alilia mara moja, ghalani, akiwa peke yake. Kisha ikasemekana homa imeshuka, amemtambua binti yake, na kipimo cha kwanza kimeonyesha ugonjwa umerudi nyuma sana, ila watapima tena baada ya miezi mitatu kujua kama umeondoka kweli.

Waliporudi hawakupanda Masama. Ndelilio alikuwa hana kinga mwilini hata ya mafua, kwa hiyo Loveness alipanga nyumba Longuo, karibu na hospitali, Eliona akashuka kuwasaidia. Mlangoni Loveness akabandika karatasi ya masharti: hakuna kushikana mikono, hakuna watoto, hakuna nyama isiyoiva vizuri, hakuna maua, hakuna mimea, hakuna udongo. Wageni wanasalimia kutoka getini. Ukoo mzima ulinuna. Shangazi mmoja aliyebeba kisusio, ile supu ya damu ya mbuzi, kwa hoja kwamba mgonjwa wa damu hurudishiwa damu, alirudishwa nayo hadi Masama akiwa ameishikilia mapajani.

Eliezeri hakuzisikia habari za karatasi hiyo. Yeye alikuwa na mpango wake. Uboho umekataliwa, sawa. Lipo isale.

Uchaggani kote, ukimkosea mtu ukashindwa kumtazama usoni, unachukua jani la isale, ule mmea wa majani marefu unaopandwa mipakani na makaburini, unakwenda nalo. Likifika mlangoni halikataliwi. Na uzuri wake, kwa mtu kama Eliezeri, ni kwamba jani halina mdomo. Linasema nimekuja, basi; habari za lini na kwa nini zinaachwa. Ila kosa lake yeye lilikuwa la miaka kumi na moja, jani moja aliliona dogo. Akaenda kwenye kaburi la baba yao, pale kihambani, kwenye shamba la ukoo, akalichimba isale zima na mizizi yake na udongo wake, akalitia ndani ya ndoo. Akavaa lile koti la kanisani. Akashuka nalo mjini.

Loveness alimwona kupitia dirishani akafika getini mbio.

"Baba mkubwa, simama hapohapo! Shikamoo. Hicho ni nini?"

"Marahaba. Isale la baba yako."

"Na huo?"

"Udongo. Wa kaburi la babu yako."

Loveness akafumba macho. "Wa kaburini," akasema taratibu. "Baba mkubwa, udongo una ukungu ambao wewe ukiuvuta unapiga chafya tu. Baba akiuvuta anaweza asifike Jumapili. Haliingii."

"Isale halizuiwi mlangoni, mwanangu."

"Leo limezuiwa."

"Nitalikata jani moja."

"Hapana."

"Tulioshe na sabuni."

"Hapana."

"Tulichemshe. Ndizi si mnamchemshia?"

Loveness alimtazama baba yake mkubwa, amesimama na ndoo, amevaa tai, akamhurumia. Akatoa simu, akapiga picha ya isale, akaingia ndani kumwonyesha baba yake. Eliezeri akasubiri. Alijua Ndelilio ni mtu wa mila. Akiona picha tu yatosha.

Loveness akarudi. "Ameliona. Anashukuru. Anauliza ni la kosa gani."

"Mwambie analijua."

Akaingia, akatoka. "Anasema yeye analijua. Anauliza kama wewe unalijua."

Eliezeri akaweka ndoo chini. Alikuwa tayari kugeuka, tena angegeuka kweli, arudi Masama na mti wake, ajipangie baada ya Pasaka. Loveness akaona mzee amenyong'onyea, akafungua stoo ya nje akamtolea kiti, akamkalisha kivulini getini. Na kwa vile hakujua kupiga soga, akaanza kumwonyesha picha za India.

Hii ni mashine ya kuchuja damu. Hapa ni kitanda. Huyu ni muuguzi, alikuwa mzuri sana kwa baba. Hizi sasa ni karatasi.

"Karatasi za nini?"

"Hao walinzi wakishaanza kazi, mwili unachemka, na wakati mwingine vurugu inafika kwenye ubongo. Mwandiko unaharibika mapema. Kwa hiyo kila asubuhi mgonjwa anaambiwa aandike sentensi moja, yoyote anayotaka, kwa lugha yake. Wanalinganisha na ya jana. Baba aliandika hiihii siku zote, hakubadilisha. Labda wewe utaniambia maana yake."

Eliezeri akavaa miwani.

Siku ya kwanza, kwa mwandiko wa kunyooka, na nukta mwishoni: *Alhamisi ile ilikuwa zamu yangu.*

Siku ya pili vilevile. Ya tatu vilevile. Siku ya nne herufi zilikuwa zimeanza kupanda juu ya mstari. Siku ya tano: *Alhamisi ile ile ilikuwa Alhamisi.* Siku ya sita kulikuwa na neno *zamu* na mkwaruzo. Siku ya saba ulikuwepo mstari mmoja mrefu wa kalamu, umetoka kwenye karatasi ukaendelea kwenye shuka.

"Hapo hata jina langu alikuwa halijui," akasema Loveness.

Siku ya nane hapakuwa na karatasi. Ya tisa palikuwa na mkwaruzo. Ya kumi na moja, kwa mkono wa mtoto wa chekechea: *Alhamisi ile ilikuwa zamu yangu.* Nukta.

"Wauguzi walipiga makofi," akasema Loveness. "Waliniuliza ameandika nini cha maana hivyo. Nikawaambia ni mambo ya maji ya shambani."

Eliezeri akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Mtu anakufa ugenini, hajui jina la mwanawe, na kitu alichokishika mpaka mwisho ni kujitetea kwa kosa ambalo hakulifanya. Na mwenye kosa yuko Masama anakula mtori.

"Baba yako anaweza kukaa dirishani?"

"Anaweza. Dirisha limefungwa lakini. Hutasikia."

"Namba yake ni ileile?"

"Hajawahi kubadilisha."

Ndelilio akaletwa kwenye kiti nyuma ya kioo. Hakuwa na nywele hata moja, amevaa barakoa na sweta nene, na shingo yake imekuwa nyembamba kama ya kuku. Eliezeri akasimama nje, hatua tatu. Akapiga. Ikaita mara moja tu.

"Ndelilio."

"Naam, kaka."

Neno hilo hakuwa amelisikia kwa miaka kumi na moja.

"Alhamisi ile ilikuwa yako."

Nyuma ya kioo Ndelilio akahamishia simu sikio la pili.

"Karatasi ulinipa. Ilikuwa kwenye koti. Hili hapa nililovaa. Niliiona siku ya tisa, nikaichoma, nikanyamaza."

"Siku ya tisa," akasema Ndelilio.

"Ndiyo."

"Kwa hiyo ni miaka kumi na moja yote, utoe siku tisa."

"Ndiyo."

Ndelilio akapumua kwenye simu. "Yule mbuzi alikuwa mtamu?"

"Alikuwa mgumu kidogo."

"Nilijua atakuwa mgumu. Alikuwa mzee." Akageuka. "Mama Loveness, njoo. Kaka, rudia, naweka spika."

Eliezeri akarudia. Mara ya pili ilikuwa ngumu kuliko ya kwanza, kwa sababu Eliona alikuwa amesimama nyuma ya mumewe, anamtazama moja kwa moja. Alipomaliza, Eliona akaichukua ile simu.

"Shemeji, nilihama kwaya kwa ajili yako," akasema. "Wanawake walikuwa wakiniona nateka maji wanacheka. Nimekuchukia, sikufichi. Hata ulipokwenda kupimwa uboho, niliomba Mungu usifanane naye. Niliomba hivyo, na mume wangu anakufa." Akaanza kulia, na sauti ikafika hata bila simu. Loveness, aliyekuwa amesimama kando na ndoo, ndipo alipoelewa ni kitu gani wauguzi wale walikipigia makofi.

"Una haki," akasema Eliezeri.

Ndelilio akairudisha simu sikioni. "Maneno nimeyapokea. Isale nitalipokea siku Loveness akiniruhusu, kwa sasa lipandwe hapo nje. Lakini kaka, ngoja nikuambie. Mwizi uliniita mbele ya watu wote wa mfongo. Radhi umekuja kuniomba dirishani."

Eliezeri akatikisa kichwa kukubali. Akamwona ndugu yake amechoka, jasho dogo kwenye paji, na Loveness tayari anaonyesha saa. Vile vipimo vya miezi mitatu vilikuwa bado wiki tano. Angeweza kusema tungoje majibu kwanza. Maneno hayo aliyafahamu sana, yalikuwa hapo hapo mdomoni.

"Jumamosi kuna msaragambo wa kusafisha mfongo," akasema. "Watakuwepo wote."

Jumamosi walikuwepo watu arobaini na kitu, na majembe yao, pale kwenye banio. Mwenyekiti wa sasa wa mfongo, Wilson, alipomaliza kuomba na kugawa vipande vya kuzibua, Eliezeri akaomba kusema neno. Watu wakanyamaza upesi, kwa sababu yeye si mtu wa kusema ovyo. Akasimama wima, mikono ubavuni, kama anayesoma uzito wa kahawa, akaeleza yote: karatasi, koti, siku ya tisa, moto. Akasema mwizi hakuwa Ndelilio. Akasema mbuzi mliyemla hakuwa halali, na mimi nilikula paja.

Hakuna aliyejua atazame wapi. Wengine wakatazama maji. Mzee mmoja aliyekuwa kwenye ile kamati, na aliyekula maini, akakohoa, akavua kofia kwa unyenyekevu.

"Pole sana, Eliezeri. Ndelilio amefariki lini?"

"Hajafariki. Yuko Longuo. Leo amekula wali."

Mzee akairudisha kofia kichwani, akachanganyikiwa kabisa. "Ala! Sasa mbona unatuambia leo? Mambo kama haya si husemwa msibani?"

"Msibani yeye asingesikia," akasema Eliezeri.